Miezi 11 Kisumu, yoga kila Jumamosi, nyatiti nyuma ya ukuta: mtu huingiaje ndani?

binti_wa_Kuze · Jumapili, saa 3:10 usiku

Hamjambo nyote. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Mimi ni mzaliwa wa Kuze, Mji wa Kale, Mombasa. Nina miaka 37 na kazi yangu ni ya maabara. Mwaka jana mwezi wa tatu nilipata uhamisho nikaja Kisumu. Nimepanga Migosi, ploti ya nyumba nane. Jirani wa mlango wa pili huniondolea nguo kambani mvua ikianza nami niko kazini. Mama mboga wa njia panda hunikatia sukuma nyembamba nipendavyo bila kuambiwa. Watu wa hapa ni wakarimu, na hilo nalisema kwa moyo wangu wote.

Mwezi uliopita niliugua malaria. Siku nne sikutoka nje. Siku ya tano nilipofungua mlango, jirani alinisalimu kwa furaha yake ile ile ya kila siku, akidhani nilikuwa zamu. Kazini walijua niko kwenye ruhusa ya ugonjwa, basi. Nikakaa kizingitini na kikombe cha uji, nikahesabu kidole kwa kidole, nikaona katika mji huu mzima hakuna mahali ambapo nisipotokea mtu atageuka aulize, "Yule yuko wapi leo?"

Sikulelewa hivyo. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mpiga pembe katika vugo. Kwa wasiojua, vugo ni ngoma ya wanawake ya harusi huko kwetu: pembe za nyati zinagongwa kwa vijiti huku watu wakiimba. Pembe ya bibi ilikuwa nyeusi, imeng'aa kwa jasho la mkono wake, na ilikuwa na ufa mwembamba karibu na ncha aliokuwa akiupapasa kwa kidole gumba kila anapoishika. Harusi ikitangazwa mtaani, bibi hakuletewa mwaliko, alifuatwa. Akichelewa, wenzake walisimama chini ya dirisha wakampigia pembe mpaka atoke, huku bado anafunga buibui. Mimi niko nyuma yake nimeshika mkoba. Nilikua nikidhani kila mtu duniani ana watu wa kumpigia pembe dirishani.

Sasa niseme ninachokifanya hapa.

Kwanza ni yoga. Mgongo uliniuma sana kwa kuinamia hadubini, mwenzangu akanielekeza kwenye darasa la Jumamosi asubuhi kule Dunga, karibu na ziwa. Ninaenda mwezi wa tano sasa. Tunaanza saa kumi na mbili na nusu, jua ndio kwanza linachomoza, wavuvi wa omena wanarudi na taa zao zilizozimwa, na mafunjo yanapigwa na upepo. Tunajinyoosha, tunapumua, na mwisho tunalala chali kimya katika ule mkao wanaouita shavasana, yaani mkao wa maiti. Dakika kumi zile ndizo pekee katika wiki yangu ambazo nahisi niko pamoja na watu. Nasikia pumzi za watu 14 zikishuka. Kisha kila mtu anakunja mkeka wake, anapanda gari au boda, anakwenda. Kuna mama mmoja hulala kulia kwangu kila wiki. Najua ana kovu pana juu ya kisigino cha kushoto, limekunjamana kama karatasi. Jina lake silijui.

La pili ni nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo. Nyuma ya ukuta wa ploti yetu kuna fundi anayewafundisha vijana watatu, Jumanne na Alhamisi, baada ya magharibi. Sijawahi kumwona. Namjua kwa mlio tu: nyuzi zinalia juu, na chini yake kuna kitu kinagonga mti, ko, ko, ko, bila kuchoka. Mmoja wa wale vijana hukosea mahali pale pale kila siku. Anakwenda vizuri, anakwenda vizuri, kisha anajikwaa. Nami upande wangu wa ukuta, na mwiko mkononi, kila akikaribia pale ninashika pumzi.

Swali langu ni hili. Nibishe hodi? Mimi ni mwanamke, ni Mwislamu wa pwani, na Dholuo changu ni "amosi" na "ero kamano" tu. Nimesikia nyatiti haiguswi na mwanamke. Na kule Dunga, mtu huvukaje kutoka mkekani hadi kwenye jina la mwenzake? Tafadhali msiniambie nichangamke. Kuongea na watu naweza. Ninachotafuta ni mahali ambapo nikikosa, panaonekana pengo.

---

Kondele_Original · Jumapili, saa 3:42 usiku

Karibu Kisumu dadangu. Ushauri wangu ni mfupi: ingia chama. Ukikosa mkutano mmoja tu, simu yako haitanyamaza.

---

binti_wa_Kuze · Jumapili, saa 3:50 usiku

Asante kakangu. Chama ninacho, cha kazini, na kinanisaidia. Lakini nilipougua niliutuma mchango kwa M-Pesa nikiwa kitandani, na kwa hiyo hawakuona kama sikuwapo.

---

seremala_kibuye · Jumatatu, saa 1:15 asubuhi

Nyaminwa, oyawore. Mimi ni seremala hapa Kibuye, natengeneza vitanda na makabati, na marehemu babangu mkubwa alikuwa mpiga nyatiti wa Alego. Wacha nikujibu kama ndugu yako.

Bisha hodi. Lakini usibishe Jumanne wala Alhamisi, kwa sababu fundi akiwa na wanafunzi hawezi kukuketisha vizuri. Nenda Jumapili alasiri. Usiende mikono mitupu, chukua sukari kilo moja na majani ya chai, umpe mwenye nyumba mwanamke kama yupo. Atakuuliza wewe ni binti wa wapi kabla hajakuuliza unataka nini. Usifupishe jibu hilo. Sisi mtu asiye na kwao tunamwogopa kidogo. Ukishamwambia ni Kuze, ni bibi, ni pembe, utakuwa umeshaketi.

Kuhusu mwanamke na nyatiti: uliyosikia ni kweli kwa mila. Nyatiti ina nyuzi 8, na wazee wetu husema 4 ni zile siku za mtoto wa kiume anapozaliwa na 4 ni zile anapozikwa, ndiyo sababu walisema ni ya wanaume. Mpigaji anakaa kwenye kigoda kifupi kinachoitwa orindi, ananing'iniza gara, yaani njuga, miguuni, na kwenye kidole gumba cha mguu anavaa pete ya chuma. Hiyo "ko, ko, ko" unayoisikia ndiyo pete hiyo ikigonga mti wa nyatiti. Lakini mila nayo husogea. Kuna Mjapani, Eriko Mukoyama, alikuja akajifunza kijijini Siaya mpaka wazee wakamkubali, na leo watu wanamjua kwa jina la Anyango. Kuna binti yetu Labdi anayepiga orutu, ile ya uzi mmoja, ambayo nayo ilikuwa ya wanaume. Na kama unaogopa kwa sababu ni wa pwani, marehemu Ayub Ogada aliyeipeleka nyatiti duniani alizaliwa huko kwenu Mombasa, na alifia hapa Nyahera mwaka 2019.

Hata hivyo mimi nisingekushauri uombe nyatiti. Omba ongeng'o. Ni chuma kinachogongwa kwa chuma, kinashika mwendo ili wengine wasipotee. Mtu anakiona kidogo, lakini kikinyamaza katikati ya wimbo kila kichwa kinageuka. Umesema unataka mahali pa kuonekana pengo. Basi ni hapo. Na mkono wa mpiga pembe haukai mbali na mkono wa ongeng'o.

Jambo moja zaidi ujiandae nalo. Kwetu kuna pakruok. Watu wakiwa kwenye muziki, mtu anatoa pesa, muziki unasimamishwa, naye anajisifu au anamsifu rafiki yake: mimi ni fulani, mwana wa fulani, ninayependa hiki na kile. Kisha muziki unaendelea. Siku moja itasimamishwa mbele yako. Usikimbie.

---

Mgeni_Milimani · Jumatatu, saa 7:05 mchana

Mimi yangu hayakuwa mazuri na naona ni haki uyasikie pia. Nilijiunga na kwaya moja hapa mjini nikakaa miezi minane. Mazoezi yote yalikuwa Dholuo, matangazo Dholuo, na hakuna aliyekuwa mbaya kwangu, ila hakuna aliyenitafsiria. Niliimba sauti ya tatu nisichokielewa. Niliacha, na ninaumia mpaka leo kwa sababu niliipenda sana ile sauti ya tatu.

---

Mama_Kwaya · Jumatatu, saa 2:30 usiku

Mgeni_Milimani, pole sana mwanangu, na ningekuwa kwenye kwaya hiyo ningekuomba msamaha. Mimi ni wa Kakamega, mwana wa Idakho, niliolewa huku miaka 22 iliyopita. Nilichofanya ni kununua daftari. Upande mmoja naandika maneno ya wimbo jinsi ninavyoyasikia, upande wa pili namwomba mwenzangu wa kushoto aniandikie maana. Si mwalimu wa kwaya, ni mwenzangu wa kushoto. Daftari lile ndilo lililotufanya marafiki, maana ilibidi aje kwangu alikamilishe. Lugha niliijua kupitia nyimbo kabla sijaweza kununua samaki kwayo.

Na binti wa Kuze, nikuambie ukweli wa huku magharibi. Mazoezini unajulikana sauti. Mtu anajulikana matangani. Mimi nilihesabiwa mwanakwaya siku tuliyopanda basi kwenda kumzika mama wa mwenzetu, barabara ikawa matope, tukashuka tukasukuma na viatu mkononi, tukafika tumechelewa na bado tukaimba nyimbo nne. Tulirudi usiku wa manane tumelaliana mabegani. Jumapili iliyofuata hakuna aliyeniita tena "yule mama Mluhya". Kwa hiyo wakikuita matangani, hata kama hujui marehemu, nenda.

Kwetu katika isukuti, mchezo wetu wa ngoma, tunapiga ngoma tatu: kubwa, ya kati na ndogo, na pembe ya swala inapulizwa. UNESCO waliiandika mwaka 2014 katika orodha ya mambo yanayohitaji kulindwa haraka, kwa maana watoto wetu wanaiacha. Ukiondoa ile ndogo, mbili zilizobaki zinalia kama zinauliza kitu. Hilo la pengo ulilosema naliona hivyo.

---

chai_baada_ya_mkeka · Jumanne, saa 12:20 asubuhi

Salamu kutoka Nakuru. Mimi ni mwalimu wa yoga, mafunzo niliyapata Nairobi. Nimesoma habari ya kisigino nikakaa kimya muda mrefu, kwa sababu katika darasa langu mimi ndiye niliyesababisha hali kama hiyo.

Miaka miwili ya kwanza nilipanga mikeka kwa mistari, wote wananitazama mimi. Nilikuwa naona migongo inanyooka, nikafurahi. Kulikuwa na dada aliyekuja kila Jumatano, kisha akaacha. Baada ya miezi nikakutana naye sokoni amebeba mtoto mchanga. Alikuwa mjamzito darasani kwangu, akiogopa mikao ya tumbo, na hakumpata mtu wa kumwuliza, hata mimi. Niliondoka pale na vitunguu vyangu nikilia.

Neno yoga linatokana na Kisanskriti, na maana yake ni kuunganisha, kutoka shina lile lile la nira ya kuwafunga ng'ombe wawili walime pamoja. Nilikuwa nimelifundisha neno hilo mara mia moja huku nikimwacha kila ng'ombe alime peke yake.

Nilibadilisha mambo mawili tu. Mikeka sasa ni duara. Na kila wiki kuna mtu wa zamu ya chai: analeta chupa moja kubwa na kitu cha kutafuna, nduma au viazi vitamu. Nakuambia dada, mazoezi mtu anayakosa kwa urahisi, lakini zamu ya chai haikosi. Anajua watu tisa wamekaa na vikombe vitupu.

Usimngoje mwalimu wako aanze. Peleka chai wewe. Usitangaze, keti tu kwenye mkeka wako baada ya shavasana, fungua chupa, na umimine cha pili kabla hujamwuliza mtu kama anataka. Wengine wataondoka, na waache waondoke kwa amani, maana kuna watu wanaokuja yoga kwa sababu ndiyo saa pekee ambayo hakuna anayewataka neno. Nimewafundisha wajane wawili wa namna hiyo, na kimya kile kiliwafaa.

Kuhusu dini, kwa kuwa umegusia: wanafunzi wangu Waislamu na baadhi ya Wakristo hawakunji viganja kifuani wala hawaitiki om. Wanaweka mikono magotini. Hilo halijapunguza chochote.

---

Mwl_Muziki_Nakuru · Jumanne, saa 4:00 usiku

Naongeza dogo, kwa kuwa aliyeuliza ni mtu wa maabara. Watafiti wa Oxford walichapisha mwaka 2015 uchunguzi wa watu wazima Uingereza walioanza madarasa mapya: wengine kuimba, wengine kazi za mikono, wengine uandishi. Waliwafuata kwa miezi saba. Waimbaji walikaribiana haraka zaidi mwanzoni. Lakini kufikia mwisho, wale wa kazi za mikono na uandishi nao walikuwa wamekaribiana kiasi hicho hicho. Mimi kila muhula naligawa darasa langu nikikumbuka hilo: wimbo kwanza, ili wajasiri na waoga waanze pamoja, halafu kazi inayochukua muda. Na Sweden, Chuo Kikuu cha Gothenburg, mwaka 2013 walipima mapigo ya moyo ya waimbaji wa kwaya wakaona yanapanda na kushuka pamoja, kwa sababu wimbo unawalazimisha kupumua pamoja. Zile pumzi 14 unazozisikia Dunga zinafanya kazi, hata kabla ya majina.

---

binti_wa_Kuze · wiki saba baadaye, Jumatano, saa 5:25 asubuhi

Nimerudi kutoa habari. Nawaombea heri nyote, na samahani kwa kukawia. Nilitaka kwanza niwe na la kusema.

Nianze na Dunga, kwa kuwa ndiko nilikoanza kwa woga mdogo. Niliamka saa tisa usiku nikakanda mahamri, nikachemsha chai ya tangawizi, chupa ya lita mbili. Nilifanya kama alivyosema mwalimu wa Nakuru. Tulipomaliza kulala chali nikakaa, nikafungua chupa. Wengi waliondoka. Watatu walibaki, na mmoja wao ni mama wa kisigino. Alikula hamri la kwanza akiwa amefumba macho. Akaniuliza ndani kuna nini, nikamwambia iliki na tui. Nami nikamwuliza kovu lile limetokana na nini. Alicheka akakunja mguu wake juu ya mkeka ili nione vizuri: alikuwa na miaka sita, Ahero, amebebwa nyuma ya baiskeli ya baba yake kupitia mashamba ya mpunga, mguu ukaingia kwenye spoku. Baba alimbeba mgongoni mpaka zahanati na baiskeli akaiacha mtaroni. Baiskeli haikuonekana tena, na baba hakuiulizia hata siku moja. Alisema hilo la mwisho polepole. Jina lake sasa ninalijua, na yeye langu. Wiki ya tatu alileta yeye viazi. Hatujawahi kuzidi sita, na mwalimu naye hukaa.

Sasa nyatiti.

Nilienda Jumapili baada ya alasiri, na sukari yangu na majani. Geti lao liko upande wa pili kabisa, ilibidi nizunguke mtaa mzima kufika kwa watu ninaowasikia wakikohoa. Mke wa fundi akanipokea. Swali la kwanza, kama alivyosema seremala: binti wa wapi? Sikufupisha. Nilipofika kwenye pembe na ufa wake, fundi, mzee wa miaka sitini na kitu, akaweka randa chini. Akaniomba nimwonyeshe mkono wa bibi ulivyokwenda. Nikagonga meza kwa kijiko. Akasikiliza, akaingia ndani, akatoka na chuma.

Niseme wazi kwamba wiki tatu za kwanza sikuweza. Nilikuwa nafuata nyuzi, kwa kuwa ndizo nilizozizoea kutoka ukutani, na nyuzi zinakwenda zinarudi, zinakupoteza. Nilikuwa nakimbia, nasimama, nakimbia tena. Alhamisi moja fundi akasimama, hakukasirika, akavuta kigoda chake mbele yangu na kusema, "Usitazame vidole vyangu. Tazama mguu." Nikatazama mguu. Kidole gumba chenye pete, ukucha umepasuka katikati, kinapanda na kushuka juu ya mti bila haraka, hata nyuzi zinapokimbia. Pale mti ulipogongwa kwa miaka pamelika shimo dogo linalong'aa. Nilipiga chuma kwenye lile shimo, kwa macho, mpaka masikio yakaelewa. Ndipo mkono wangu ukatulia.

Na yule kijana anayejikwaa! Ni mrefu, mpole, anasomea ufundi wa umeme. Siku ya pili nilimwambia, "Wewe hukosea baada ya kurudia mara ya tatu, kwa sababu unavuta pumzi pale pale." Akashtuka, akaniuliza nimejuaje na sijamsikia ila mara mbili. Nikamwambia nimemsikia miezi saba. Fundi akacheka mpaka akajishika mbavu, kisha akamwambia atoe pumzi badala ya kuvuta. Alipita. Mara ya kwanza tangu nimjue alipita, na wote tukanyamaza kidogo kana kwamba kuna mgeni ameingia.

Mama_Kwaya, nimenunua daftari. Mke wa fundi ndiye mwenzangu wa kushoto. Nyimbo tatu zimeshaingia, upande huu Dholuo, upande ule maana, na ya pili nimeikuta inazungumzia ziwa kwa jina lake la Nam Lolwe. Tulienda matangani pia, mara moja. Sikumjua marehemu. Nilimenya vitunguu na wanawake mpaka macho yakaisha, kisha nikapiga chuma.

Seremala, pakruok ilifika. Jumamosi iliyopita tulialikwa Kajulu, mzee mmoja ametimiza miaka 80. Wimbo wa tatu, katikati, kijana akatoa noti, fundi akasimamisha nyuzi. Akamsifu mzee, watu wakaitikia. Muziki ukaendelea. Mwingine akasimamisha. Ndipo mama mmoja aliyeketi mbele akatoa shilingi 100 akaninyooshea kidole mimi: "Nyar kanye?" Binti wa wapi?

Kwetu katika taarabu tunamtuza mwimbaji naye anaendelea kuimba, noti ndiyo inayosema. Hapa noti ilininyamazishia watu wote ili niseme mimi. Nilisimama. Dholuo kilinitoka chote, hata salamu. Nikasema kwa Kiswahili: mimi ni binti wa Kuze, mjukuu wa mpiga pembe aliyefuatwa nyumbani, wala hakualikwa, mpenda mahamri ya iliki, rafiki wa kisigino cha Ahero, msikilizaji wa ukuta wa Migosi. Yule mama wa yoga hakuwapo, lakini nilimtaja. Watu wakapiga makofi, mzee wa miaka 80 akainua fimbo yake, na fundi akaanza pale pale alipoachia, nami nikaingia na mguu.

Tangu hapo wananiita Nyar Mombasa. Nimempigia mama simu nikamweleza maana yake.

Jana Jumanne nilikuwa zamu ya usiku. Nilisahau kuwaambia. Saa mbili na dakika kumi simu ikalia, niko na slaidi ya malaria chini ya hadubini. Ni fundi. "Nyar Mombasa, chuma chako kiko hapa kwenye kiti. Tukungoje, au tuanze?" Nikamwambia niko kazini mpaka asubuhi, waanze tu, ila ule wimbo wa Nam Lolwe wauache mpaka Alhamisi.